Ulimi wa Mpishi Umehama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Nina presha! Mimi Swafia, mpishi wa harusi za Mji wa Kale. Kichwa kikigonga wiki nzima nikasema ni kijicho cha wapishi wenzangu — nimejifukiza ubani mpaka paka akahama nyumba. Kumbe ni chumvi. Daktari kaniuliza huonja mara ngapi nikipika. Nikamjibu, kidogo tu. Hapo pekee ndipo sikutia chumvi.
Mume wangu Athmani amecheka sana. Yeye anameza vidonge vya presha miaka na miaka, na mimi humwambia kairithi kwa mamake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Yumna, binti wa dadangu, anasomea uuguzi. Kanieleza: kila seli ina bawabu wake. Anatoa sodiamu — iliyomo kwenye chumvi — na kuingiza potasiamu. Potasiamu ikipungua, bawabu hulegea, sodiamu ikajazana ndani, mishipa ikakaza, presha ikapanda. Nimeelewa! Ni yule mama wa mlangoni kwenye harusi za wanawake: simu zibaki nje, wageni waingie. Kwangu inaonekana mama kalala na kila mtu anapiga picha.
Kwa hiyo vidonge, ndizi, mchicha, madafu — figo zimepimwa, nzima. Chumvi kiduchu. Papa mkavu marufuku. Nimemlilia samaki. Mtu mzima!

Jumapili, 19 Oktoba
Mchicha bila chumvi. Bora ningetafuna mkeka. Wazee husifiwa kuwa wamekula chumvi nyingi — mimi nimekula yangu na ya wajukuu.

Ijumaa, 21 Novemba
Presha imeshuka! Nikaenda ufukweni Mama Ngina kujipongeza kwa viazi karai. Nikatema. Chumvi tupu! Nikamgombeza muuzaji, naye akaapa mapishi ni yale yale. Yumna anasema ulimi ukikaa bila chumvi hujifunza upya. Ulimi wangu? Ndio unaonilisha! Na kesho ni harusi ya Fadhiya, binti wa jirani. Biriani ya ukumbi mzima.

Jumamosi, 22 Novemba
Jikoni, nyuma ya ukumbi. Sufuria mbili za masala. Nikaonja ya kwanza: imekolea. Kadzo, msaidizi wangu tangu zamani, akaonja, akanitazama kwa huruma.
"Ma Swafia, leo umesahau chumvi."
Nikaogopa. Biriani moja chapwa, na jina langu limekwisha. Basi nikatia kwa kiganja kama siku zote, bila kuonja. Kadzo akaonja tena, uso ukamkunjuka. Hii ndiyo yako, akasema.
Nikaonja na mimi.
Maji ya bahari! Hii ndiyo waliyonisifia? Hii ndiyo niliyompakulia Athmani miaka yote — nikamsingizia marehemu mamake!
Sufuria ya pili bado. Kadzo ameshika kopo la chumvi, ananingoja. Athmani ashaleta salamu kutoka upande wa wanaume: anataka sahani yake ya mwanzo, kama kawaida, na masala iwe nyingi.