Buti Zako Sikuvaa, Baba

Baba,

Hija imefika Butiama. Nakuambia hilo kwanza, maana najua ndilo ungeuliza kabla hata ya salamu. Imefika kwa miguu, kutoka Mugango kama siku zote, na aliyeiongoza ni mimi, bintiyo Wegesa. Na buti zako sikuvaa. Sivai, na sitavaa.

Usishtuke, ngoja nikueleze.

Siku tulipoanua matanga, Baba Mdogo alizileta buti zako katikati ya ua, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba atakayezivaa ndiye atakayeshika msalaba wa hija badala ya katekista, yaani wewe. Kisha akamkabidhi mdogo wangu Masatu, kwa kuwa ni mwanaume. Mimi kifungua mimba wako, niliyetembea nyuma yako tangu nina miguu ya kitoto, nikaambiwa nitawatangulia mahujaji Butiama na masufuria. Nilipofungua mdomo, Shangazi akanikata: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Baba, nililia kwa hasira. Huzuni ilikuja baadaye, nilipoziona zile buti mlangoni kwa Masatu, bado zina mikunjo yako.

Ungecheka. Masatu unamjua, mguu wake kama kasia. Aliingia mle kwa kukunja vidole. Mimi nilizijaribu kwa siri, zikanipwaya kama ndoo. Hazimtoshi mtoto wako hata mmoja! Lakini nani aliiuliza miguu?

"Mguu haudanganywi," ulikuwaga unasema. Basi nikafanya ulivyonifundisha. Nikaenda mnadani Bunda alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kwa kutembea, maana asubuhi mguu huwa bado mwembamba. Nikabeba soksi zangu nene, zilezile za safari. Muuza mitumba akanichagulia raba nyeupe, nzuri kweli. Nikaikunja moja, ikajikunja katikati kama chapati, nikamrudishia. "Dada, unanunua kiatu au unatafuta mchumba?" Nikamwambia mchumba ningeshampata. Mwishowe nikapata za kijani zilizofifia, soli ina meno, kisigino kimeshika, na mbele ya kidole kikubwa pamebaki nafasi ya dole gumba, ili kwenye mteremko kucha zisigonge. Nikazivaa kisimani, nikazivaa shambani, mpaka tukazoeana. Majirani wakaanza: "Wegesa siku hizi analimaga na raba!" Nikawajibu jembe langu, raba zangu, ninyi inawauma nini?

Asubuhi ya hija ulikuwa na lile jambo lako. Unapiga magoti kwenye vumbi, kila mtu anakunyooshea mguu, unabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba. Kinachobana hakiondoki, hata kiwe cha padri. Safari hii watu walisimama wakitazamana, hakuna wa kuinama. Nikainama mimi. Mama zetu waliotoka kijiji cha Kiriba wakaninyooshea miguu mmoja mmoja, wengine wanajifuta machozi na kanga. Baba Mdogo, na viatu vyake vya Jumapili vilivyochongoka, akanipita kama anaruka dimbwi. Masatu akaninong'oneza, "Dada, niache tu." Nikamwacha. Ila yeboyebo zake za plastiki nilikuwa nimeshazitia kwenye mkoba wangu.

Tulipofika kwenye kijito, nusu ya njia hata bado, Masatu akakaa chini akavua buti. Jamani, Baba! Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi kwa damu. Akawa analia kama mtoto, na mimi najua si malengelenge peke yake. "Nilitaka tu nikanyage alipokanyaga Baba," akaniambia.

Baba Mdogo akatangaza kwamba basi, tutafute gari turudi, hija imekufa na mwenyewe.

Hapo nilifyatuka. Nikamwambia mbele ya watu wote: Baba Mdogo, nakuheshimu, lakini aliyekufa ni Baba. Hija haijafa! Wala haikuwahi kukaa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Nikamvalisha Masatu yeboyebo, nikazifunga buti zako kamba kwa kamba nikazitundika shingoni, nikachukua msalaba nikavuka maji. Sikugeuka kuangalia nani anafuata. Niliogopa, Baba, nakwambia ukweli. Kama wangebaki pale, kazi yako yote ingeishia kwenye kile kijito. Kisha nikasikia wimbo nyuma yangu, na aliyeuanzisha alikuwa Masatu.

Tukafika. Tulikuzika kwenu Butiama, jirani na kanisa, kwa hiyo tulianzia kwako. Shangazi alikuwa ametangulia kupika, na yale masufuria niliyoyakataa mimi. Akaniangalia miguu, akaangalia ya Masatu, akaenda kumletea maji ya chumvi. Safari hii aliyevunjika guu ni yule aliyesikia la mkuu.

Wa mwisho kufika alikuwa Baba Mdogo, anachechemea. Akakaa kwenye jiwe pembeni ya kaburi lako, akatazama upande mwingine kabisa, halafu akaninyooshea mguu. "Hebu bonyeza hapa." Nikapiga magoti, nikabonyeza. Kidole chake, maskini, kilikuwa kimefika mwisho wa kiatu. Sikumcheka. Nilicheka jikoni.

Buti zako nimezisafisha na kuzipaka mafuta, ziko chini ya kitanda chako. Hazina mrithi, na anayetaka ugomvi aje. Zimetembea vya kutosha, ziache zipumzike.

Nawe pumzika, Baba, nyoosha miguu yako. Nakukosa kila ninapofunga kamba za viatu. Nakuahidi: mwakani, asubuhi ile, nitapiga magoti tena kwenye vumbi la Mugango, na sitamruka mtu, hata Baba Mdogo. Nikishawamaliza wote nitanyanyuka, nitachukua msalaba, na nitatangulia.

Bintiyo,
Wegesa