Uboho Wangu Haukuwa Mtupu

Nyumbani, juu ya duka la vitambaa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Wifi,

Hujambo huko uliko? Goti lako je, bado linagombana na ngazi za hiyo hoteli unakofanya kazi? Sisi huku tu wazima, na safari hii nikisema wazima sikudanganyi. Kaka yako anakoroma kama kawaida. Mama mkwe yu mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nitaanza kulia, wewe utaanza kunicheka, na maneno yenyewe yataishia hapo.

Hali yangu uliijua: uso umepauka, fizi zinatoka damu, miguu imekufa ganzi hata nikawa sihisi kanyagio la cherehani. Vidonge vya kuongeza damu nilivimeza mpaka nikavichukia. Vipimo vikaonyesha chembe zote za damu zimepungua, nyekundu, nyeupe, hata zile za kugandisha. Daktari akataka kunichoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, atoe uboho, ule urojo uliomo ndani yake, aupime. Nikakataa katakata. Jirani alikuwa ameshanong'ona "kansa", nami nikaona heri nisijue. Nikamkabidhi binti yangu mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa, nikamwambia sasa ni wake. Alilia mpaka macho yakavimba.

Ndipo ulipopiga. "Wifi, unaogopa sindano au unaogopa jibu?"

Nikakuuliza watoto hawajambo. Ukanikatiza:

"Jibu limo mfupani tayari, uliulize usiliulize. Nenda. Nitakuwa nawe kwenye simu."

Na kweli ulikuwepo. Ukaacha kula chakula chako cha mchana ili unisimulie jinsi kaka yako alivyokimbizwa na bata bukini utotoni. Nilichomwa huku nalia na kucheka, hadi daktari akasema, "Mama, tulia, unanitikisa mkono!"

Majibu yalipotoka daktari alituita, mimi na kaka yako, tuchungulie kwenye hadubini. Akatueleza kwamba damu hutengenezwa humo ubohoni. Chembe mama hugawanyika, na zinazozaliwa hugawanyika tena, zikizidi kuwa ndogo na nyekundu. Mwisho chembe nyekundu hutupa kiini chake, ikaingia mishipani kubeba hewa. Mimi nilitegemea kuona uboho mtupu. Wapi! Ulikuwa umejaa tele chembe kubwa kubwa, za bluu kwa ile rangi wanayozitia ili zionekane, ila hazikomai. Nyingi zinafia humo humo. Kumbe tumbo langu halinyonyi vitamini B12, na bila hiyo chembe haziwezi kugawanyika sawasawa. Hata ganzi ya miguu ilitokana na hilo hilo.

"Kwa hiyo si kansa?" kaka yako akauliza.

"Si kansa. Tutamchoma sindano za hiyo vitamini, atapona."

Kaka yako unamjua, mtu asiyetoa chozi hata akimenya vitunguu. Akainuka, akasema anakwenda kuangalia kama amefunga baiskeli. Tulikuwa tumekwenda kwa miguu.

Wiki moja tu baada ya sindano ya kwanza, damu ilikuwa imejaa chembe changa, zimetoka ubohoni mbio kama watoto wakisikia kengele ya kwenda nyumbani. Fizi zimekauka. Midomo imerudiwa na rangi. Miguu inapona polepole, lakini jana nilishona pindo zima bila kutazama chini kwenye kanyagio.

Nilipoolewa niliambiwa nikae chonjo na mawifi. Walioniambia hawakukujua. Bila wewe ningekufa kwa ugonjwa wenye dawa, kwa woga tu. Asante, dada yangu. Sina neno kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalo ningekupa.

Binti yangu anakusalimu sana. Mama mkwe naye anakusalimu, anauliza umenenepa au bado. Nisalimie shemeji na watoto.

Mungu akufunike kwa rehema zake, kazini na nyumbani. Sindano hizi nitachomwa kila mwezi maisha yangu yote. Basi kila mwezi nitakuombea dua, na kwa kuwa zinauma, nitakutukana kidogo pia.

Wako akupendaye,
Wifi yako, mke wa kaka asiyelia