Bendera ya Trilok

Kandoli, 3 Januari

Mwanangu Harish,

Uishi miaka mingi. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua kwa baridi hii. Huko jeshini unakula vizuri?

Mwenyekiti Gobind kanijia tena. Eti bendera niliyoitundika uani imechanika, ni aibu kwa kijiji, niishushe au atanipeleka polisi. Mimi! Bendera iliyomfunika kaka yako Trilok jenezani, wakaikunja wakanikabidhi mikononi! Upepo umeila pembeni kidogo, nami nimeshaitia kiraka.

Mama yako

Ladakh, 20 Januari

Mama,

Naigusa miguu yako. Sijambo, theluji tu imetuzidi. Magoti yachue kwa mafuta ya haradali.

Usinikasirikie. Gobind ana mdomo mchafu, lakini hapo hakukosea. Bendera iliyochanika haipeperushwi, hata ikitiwa kiraka. Inachomwa moto, nzima, faraghani, kwa heshima. Trilok mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Ningoje nije likizo, nitaichoma mimi.

Harish wako

Kandoli, 9 Februari

Harish,

Sijambo.

Mwanangu alishachomwa mara moja, na wala sikumwona. Wanaume walimbeba hadi mtoni kumchoma kama ilivyo mila yetu, sisi wanawake tukaachwa uani. Kilichonirudia ni kitambaa hicho. Leo unataka nacho kitiwe moto! Una moyo gani wewe? Usiniandikie tena habari hiyo.

Mama

Ladakh, 14 Machi

Mama,

Naigusa miguu yako. Mbona kimya? Likizo imefutwa, tunapandishwa juu mpakani. Bendera sikulazimishi. Niandikie tu kwamba u mzima, nipate usingizi.

Harish wako

Kandoli, 2 Aprili

Mwanangu Harish,

Uishi, uishi, uishi. Nisamehe kwa kununa.

Jana niliishusha. Gobind alitaka kuja na wazee wasimamie, nikamwambia, “Kachunge mbuzi zako!” Niliikunja vile vile walivyonikabidhi, lile gurudumu la katikati ya bendera likionekana juu, nikashuka nayo mtoni peke yangu, mahali pale pale pa Trilok. Mwanzoni ilikataa kushika moto, nikaitia samli. Nikakaa hadi ikaisha. Nililia kwa sauti mwanangu, na hapakuwa na mtu wa kunirudisha uani. Safari hii nimemsindikiza mwenyewe.

Huko mpakani jitunze. Likizo ikitoka, njoo kwa miguu yako. Bendera nyingine sitaki.

Mama yako