Waliomngoja Makokha

Dada Eunice,

Huku Mumias hata nguo zinanuka molasi. Matrela ya miwa yanapita mpaka chai inatikisika kikombeni.

Leo nimewasomea matokeo ya utafiti wangu wale wakata miwa walioumia kazini, ambao sasa wanatumia viti vya magurudumu. Tulifanya mazoezi miezi mitatu, kisha nikawapima kwa mbio. Nikaonyesha grafu kwa maringo: wote wamefika karibu pamoja! Nikasema mazoezi yamewafaa wote sawasawa.

Mama Nanjala, mmoja wao, akacheka mpaka machozi. "Daktari, tulikuwa tunamngoja Makokha. Yeye anachokanga haraka. Sisi hatuachangi mtu kwa miwa. Ukimaliza mstari wako, unarudi kusaidia mwenzako."

Basi, takwimu zangu zote bure, naanza upya. Wamenipa uji, nikaunywa nikikukumbuka wewe: kila asubuhi tukienda shule, mimi na mguu wangu wa polio, wewe ukitembea polepole, ukilalamika kwamba viatu vinakubana.

Mungu akutunze, dada yangu. Vile viatu havikukubana hata siku moja, sivyo?

Mdogo wako,
Salome