Chenga Kwenye Daftari la Baba

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na redio imepona? Mimi mzima, ila kichwa kinaniuma kwa mawazo. Lile rundo la mchanga mlilolitupa pale mgodini tunalipitisha kwenye sumaku, tuokoe chuma kilichobaki. Sumaku inanasa, lakini nusu ya kile inachonasa ni mawe. Mkuu wa kiwanda amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nikishindwa, anafunga, na watu thelathini tunarudi nyumbani.

Nimepekua daftari lako la zamani, la kinu ulichosagia mawe ya chuma. Kila siku umeandika neno moja: "unga." Basi kusaga hakuna shida, nahangaika na sumaku tu. Una wazo lolote?

Binti yako, kifungua mimba

15 Machi

Baba, shikamoo.

Jirani anasema u mzima, unakwenda dukani. Mbona kimya? Nimekukosea?

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, redio imekata roho. Nimekujibu mara nne nikachana.

Hukunikosea. Haukuwa unga. Vyuma vya kusagia vilikuwa vimelika, wakubwa wanataka tani nyingi, nikaogopa nikisema nitafukuzwa, na wewe ndiyo kwanza unaota meno. Ilikuwa chenga, mama, miaka mitatu. Chuma na jiwe bado vimeng'ang'aniana ndani ya chembe moja, ndiyo maana sumaku inavivuta pamoja. Saga upya. Usiamini daftari, amini vidole.

Umekua ukinisikia nikiusifia ule unga wangu. Naona aibu.

Baba yako

30 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Tumesaga upya. Jana sumaku ilinasa unga mweusi mtupu, mawe yakapita. Mkuu amekubali, kazi inaendelea. Aliuliza nani kanielekeza, nikamwambia ni aliyesaga mara ya kwanza.

Kumbe miaka yote umenipiga chenga. Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Lakini ungesaga vizuri wakati ule, leo nisingekuta chuma hapa, wala kazi. Nakupenda vilevile.

Daftari lako lina kurasa tupu, naendelea nalo. Mstari wa Jumamosi nimeuacha wazi. Njoo uuguse unga mwenyewe, uandike.

Mwanao

3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Jumamosi nakuja, na redio naibeba, labda fundi wenu ataitazama. Ila ujue mapema: nikikuta chenga, nitaandika chenga.

Baba yako