Korongo Wamepita Bila Mvua

Kiambere,
16 Aprili 1984.

Mpendwa kaka Nyaga,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Ciakuthii. U hali gani huko Meru? Kathambi naye, na binti yenu Gacheri? Nasikia kwenu kuna ukungu na mnavaa sweta mpaka saa nne. Vaeni tu, mfurahi. Sisi tuko hai, na habari njema zinakomea hapo.

Kaka, korongo walikuja. Ungewaona! Mwezi uliopita walizunguka juu ya kilima, weupe wenye mabawa ya ncha nyeusi, kisha wakatua shambani kwetu wakatembea kama mainspekta wa shule. Mbayuwayu nao wakajaa hewani. Nyuma ya boma likachomoza lile ua jekundu la duara, lisilo na jani, linalotangulia mvua. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Unajua desturi yetu: ua likitoka na korongo wakitua, hatungoji tone. Mbegu inaingia kwenye vumbi, mvua iikute ndani. Unajua pia kwamba majirani wote humtazama Baba. Akishika jembe, nao hushika. Alishika. Tukapanda kunde, pojo na mawele yote, isipokuwa kibuyu kimoja cha mbegu ambazo marehemu Mama alizichagua kwa mkono wake.

Mvua ikanyesha jioni moja tu. Mbegu zikaota vizuri, tukaanza hata kutaniana kuhusu mavuno, halafu jua likazichoma zote, zetu na za majirani. Ndege wakaenda zao kaskazini. Nawachukia, kaka. Najua ni upuuzi kumchukia ndege ambaye hakuniahidi kitu, lakini nawachukia.

Wanangu wanakula mboga za porini zilizochemshwa bila chumvi. Mdogo, yule Njiru mwenye jina la Baba, ameacha kulia, na hilo ndilo linalonitisha. Nimemwomba Mungu hadi maneno yameniishia.

Juzi ua jingine likatoka palepale. Majirani wakaanza kuja kulichungulia na kuuliza kama Baba atapanda tena. Leo asubuhi nimemkuta amepiga magoti, analichimbua na shina lake lote, yeye aliyetukataza tangu utotoni hata kuligusa. Nikamuuliza anafanya nini.

"Watu wasilione," akasema. "Wakiliona watapanda hata kale kadogo ka kula. Mimi sijui tena kusoma ndege wala maua."

Kisha, bila kunitazama, akasema, "Ciakuthii, toa ile mbegu ya mama yako. Pika."

Nilibishana naye sana. Mbegu ni ya mwanamke wa nyumba, na mwanamume hana amri juu yake. Tangu nirudi hapa na watoto, mwanamke huyo ni mimi. Lakini nilipomwinua Njiru nikaona jinsi alivyokuwa mwepesi, nikaenda kukishusha kile kibuyu.

Kwa hiyo nakusihi, kaka. Nenda sokoni Gakoromone uwatafute akina mama wa Tharaka wanaouza mawele. Waambie unataka ya kupanda, si ya kusaga. Uyalete mwenyewe kabla ya mvua za Oktoba; hii ya sasa hata ikija itatukuta mikono mitupu na kunyeshea magugu. Na uje umwone Baba. Ameingia ndani na hataki kuongea na mtu.

Wasalimie Kathambi na Gacheri, na binamu yetu Hezekiah ukikutana naye kanisani. Mungu awalinde na asiwaonjeshe haya.

Naacha kuandika, sufuria iko motoni. Nimeosha majivu ambayo Mama alihifadhia zile mbegu, na nyumba nzima inanukia chakula. Watoto wanacheka. Mimi nakoroga nikiwapa mgongo, wasinione.

Dada yako akupendaye siku zote,
Ciakuthii