Mhudumu wa Embakasi

Dada yangu mpendwa Bochaberi,

Nakusalimu wewe, shemeji Jethro na watoto wote hapo Kiogoro. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, lakini moyo bado unanipiga kama nimepanda kilima mbio. Umeona muhuri wa Nairobi kwenye bahasha ukajiuliza kwa nini sijarudi Ikonge. Keti kwanza, dada, kisha usome polepole.

Momanyi wangu aliondoka salama Jumapili kwenda Bombay kusoma. Tulimsindikiza mimi na shemeji Machogu, ambaye tangu mume wangu afariki ndiye baba wa watoto. Ndege ilichelewa. Machogu akasema mtoto wa ndugu yake hawezi kwenda kwa wageni na njaa, akatuingiza katika hoteli ya pale pale uwanja wa ndege wa Embakasi. Kumbe ni baa! Nilipoona chupa zimejaa ukutani na Wazungu wakinywa bia asubuhi, nilitaka kutoka. Machogu, mzee wa kanisa, akasema tukae tu, tuzipe chupa mgongo, Mungu ataelewa.

Mhudumu alikuwa kijana mrefu mwenye koti jeupe. Alitusikia tukiongea lugha yetu ya Ekegusii akafurahi sana, akasema kwao ni Birongo na yeye ni Nyasani. Nilikuwa na ugali wa wimbi na kuku kikapuni, na pale chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Akaninong'oneza nifungue tu, ataleta sahani, na bosi akiuliza atamwambia hiyo ni keki ya Kisii. Nilicheka, dada. Sikuwa nimecheka tangu tumzike Gesare.

Unajua swali lililoninyima usingizi. Binti yangu huyo alifanya kazi ya simu huku Nairobi, akakaa zaidi ya mwaka bila kuja nyumbani, kisha tukapata telegramu kwamba kichomi kimemuua. Hakuna aliyeweza kuniambia alikuwa na nani. Kila nikichuma chai nilimwona amelala peke yake, akiomba maji, hakuna wa kumpa. Huyo ndiye aliyekuwa akiogopa giza, akinishika kidole mpaka usingizi umchukue.

Basi Nyasani akarudi na sahani, akauliza sisi ni wa nani. Machogu akamweleza kuwa mimi ni mama wa marehemu Gesare wa Ikonge, na msafiri ni kaka yake.

Nyasani aliziweka sahani kwenye meza ya jirani, akageuza uso, akaenda kinyumenyume mpaka jikoni. Akaja mhudumu mwingine. Machogu akanuna, akasema vijana wa mjini wana dharau. Momanyi akanitania kwamba huyo amenikimbia kama mkwe. Nilianza kucheka, kisha nikageuka kuutazama mlango wa jikoni. Kwetu mwanamume hawezi kumsogelea mama wa mke wake, sembuse kumwandalia chakula uso kwa uso. Lakini mtu baki, akimbie nini?

Machogu alipotoka kutazama ndege nilimtuma Momanyi jikoni akamwulize Gesare alikuwa nani kwake. Alirudi akaninong'oneza. Ilikuwa kweli. Nyasani na Gesare waliishi kama mume na mke. Hakuwa na ng'ombe wa mahari wa kutuletea, wakaogopa kusema. Alipofariki, kijana akaona hana uso wa kuja kusimama kaburini kwa watu wasiomjua.

Nilisogeza kiti hadi kwenye ukuta wa mbao wa jikoni, nikaupa mgongo. Nikamwambia Momanyi akamwulize jambo moja tu, kama binti yangu alikufa peke yake. Nyasani alijibu mwenyewe kutoka upande wa pili. Alisema: Hapana, mama, nilikuwa nimemshika, walinifukuza wodini nikakataa kutoka. Nikamsikia akilia. Kisha akasema kuna mtoto.

Mtoto, Bochaberi! Msichana, anatambaa!

Machogu sikumwambia. Nilidanganya kwamba nabaki kwa rafiki wa kanisa, akapanda basi peke yake. Mungu anisamehe, lakini ninamjua. Angemchukua mtoto siku hiyo hiyo, aseme ng'ombe hawakuletwa basi ni wetu, na kwa desturi hakuna wa kumpinga. Yule kijana ameshampoteza mke. Nikimwondolea na mtoto, atabaki na nini? Sasa niko Eastleigh kwa Dahabo, mama wa Kisomali anayemlea mtoto Nyasani akiwa kazini. Nyasani huacha maziwa mlangoni, akagonga, nami nangoja hatua zake ziishe ndipo nifungue.

Nakuomba shemeji Jethro azungumze na Machogu kabla sijarudi. Wazee wa kwao Nyasani, wa Birongo, watakuja. Hata wakiwa na ng'ombe mmoja, wapokewe kama wakwe, na mtoto awe na baba na sisi pia.

Nisalimie majirani wote, na usikose kulikanda hilo goti lako kwa maji ya moto. Samahani kwa mwandiko. Kuna mtu anayevuta kalamu. Gesare alimpa jina la marehemu mama yetu. Basi Nyanchera anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Tryphosa